Uchambuzi wa kisa: mgonjwa aliyeikimbia operesheni ya pua kwa kuogopa gozi

Kisa hiki nakiandika kwa ajili ya manesi, matabibu na madaktari vijana wa wodi za upasuaji huku kwetu nyanda za juu kusini, ila na mgonjwa anayejiandaa kunyooshwa ukuta wa pua anaweza kukisoma na kikamsaidia. Jina, kijiji, mwaka na hospitali vyote nimeviondoa, na mambo madogo madogo nimeyabadilisha ili mwenyewe asitambulike. Ameridhia kisimuliwe. Mimi nilikuwa upande wa unesi wodini, hivyo mengi nayaelezea kutoka pale kitandani.

Mgonjwa

Mwanaume wa miaka thelathini na kitu, anafanya biashara ya viazi, ananunua mashambani huko juu milima ya Uporoto anapakia kwenye lori kwenda Dar. Pua yake upande wa kushoto iliziba tangu alipoanguka na bodaboda miaka kadhaa nyuma. Analala mdomo wazi, asubuhi anaamka koo limekauka, na mke wake alituambia kliniki kwamba anakoroma mpaka watoto chumba cha pili wanaamka, "na kuna muda anakata pumzi kabisa, kimya, halafu anashtuka kama mtu aliyezibwa." Hiyo sentensi ya mke naomba muishike maana ndio iliamua nusu ya mambo yaliyofuata.

Alikuwa pia anatumia matone ya pua ya zailometazolini ya kununua duka la dawa, kila siku, zaidi ya mwaka. Haya matone ukizidisha wiki moja hivi pua inazoea, ukiacha inavimba zaidi ya mwanzo, basi mtu anaongeza tena na tena. Dokta alimwachisha, akampa dawa ya kupuliza ya steroidi na kumfundisha kuosha pua kwa maji ya chumvi, akampa wiki kadhaa. Kulia kukafunguka vizuri. Kushoto pakabaki vilevile, na kamera ilionyesha sababu: ukuta wa kati umepinda na kuna ncha ya mfupa imechomoza hadi inagusa nyama ya pembeni. Hapo dawa haiwezi kufanya kitu, ni septoplasti tu, yaani operesheni ya kuunyoosha huo ukuta.

Akapangiwa tarehe hakuja. Akapangiwa nyingine hakuja. Mara ya tatu mke ndio alimleta, na ndipo akafunguka. Siku ile ya ajali pua ilitoka damu sana, kituo alichopelekwa wakamjaza gozi kavu matundu yote mawili, akakaa nalo siku tatu, halafu siku ya kulitoa mmoja alimshika kichwa mwingine akavuta. "Sista, nilihisi ubongo unatoka nao. Nikazimia. Kisu sikiogopi mimi, naogopa kile kitambaa."

Kuna wenzetu mtu akisema hivyo wanaandika kwenye faili "mgonjwa hana ushirikiano". Huyu alikuwa ametupa historia muhimu ya tiba: aliwahi kupakiwa pua, yaani kujazwa kitu cha kubana damu ndani ya pua (kitu chenyewe tunakiita paki), aliumia, alizimia wakati wa kutoa. Kuzimia kule kuna maelezo ya kitabibu kabisa. Pua ikivutwa ghafla mshipa wa fahamu wa vagasi unaamka, moyo unapunguza mwendo, presha inashuka, mtu anaanguka. Aliyezimia mara moja anaweza kuzimia tena, na sasa tunajua mapema.

Kwa nini pua hupakiwa, na paki inamgharimu nini mgonjwa

Kwenye septoplasti daktari anakata utando upande mmoja, anaubandua kutoka kwenye gegedu (ule mfupa laini wa pua) na mfupa, ananyoosha au kuondoa kilichopinda, halafu anaurudisha utando mahali pake. Kati ya utando na gegedu kunabaki nafasi. Damu ikijikusanya pale inaitwa mvilio, na ni hatari maana gegedu halina mishipa yake, linalishwa na huo utando unaolifunika. Mvilio ukikaa siku chache gegedu linakufa, unaweza kuingia usaha, na mgongo wa pua unadidimia. Kwa hiyo zamani mawazo yalikuwa rahisi tu, bana pande zote mbili kwa gozi, nafasi isiwepo, damu isitoke.

Shida ni kwamba tafiti nyingi zilizolinganisha waliopakiwa na wasiopakiwa baada ya septoplasti zimeelekea upande mmoja: paki ya kawaida haijaonyesha kupunguza mvilio wala damu kwa kiasi cha kuhalalisha mateso yake, pale ambapo utando umeshonwa vizuri. Na mateso yenyewe yapo ya kutosha. Kichwa kinauma, macho yanatoka machozi kwa sababu mfereji wa machozi unamwagia ndani ya pua na mlango wake umebanwa, kila ukimeza mate masikio yanaziba, chakula hakina ladha, mdomo unakauka, usingizi hakuna. Oksijeni inashuka usiku, hasa kwa anayekoroma. Na mara chache sana paki iliyokaa muda mrefu inafuga bakteria wa stafilokokasi anayetoa sumu na kumwangusha mtu kwa homa, upele na presha kushuka, ndio maana paki yoyote isizidi saa 48 bila sababu nzito.

Ongeza na hali ya hewa yetu. Mji wa Mbeya uko mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, alikotoka yeye ni juu zaidi. Operesheni iliangukia kipindi cha kipupwe, usiku joto linashuka chini ya nyuzi 10, hewa kavu. Kazi ya pua ni kuipasha moto na kuilowanisha hewa kabla haijafika kifuani. Ukiziba pua zote mbili usiku wa Julai Mbeya, mtu anavuta ile baridi kavu moja kwa moja kooni hadi asubuhi.

Vitu juu ya meza

Dokta hapa alifanya kitu nilichokipenda sana. Alitandika kitambaa juu ya meza ya kliniki akaweka vitu vyote alivyonavyo, akamwambia "kaka, shika mwenyewe."

Kulikuwa na gozi refu la utepe lililopakwa parafini, lile la kukunjakunja ndani ya pua. Lipo la namna hiyo lenye dawa ya BIPP, yaani bismathi, iodofomu na parafini, linasaidia lisinuke. Ni rahisi, linapatikana kila mahali, linabana vizuri damu nyingi, lakini kutoka kwake ndio huko alikokujua. Likiwa kavu ni balaa, nyama inashikamana na nyuzi. Kulikuwa na sponji ya Merocel, inaingia ikiwa ngumu na nyembamba, ukiimwagia maji ya chumvi inavimba na kujaza nafasi. Kuingiza sekunde tu. Kuitoa bila kuilowanisha inachuna utando. Kulikuwa na kidole cha glavu kilichojazwa gozi na kufungwa uzi, kitu cha bei ndogo kabisa ambacho watu wanakidharau, kumbe faida yake ni kubwa: mpira haushikani na nyama, unateleza. Uliza tu kama mtu ana mzio wa mpira.

Alimwelezea pia Rapid Rhino ile yenye puto la kujaza hewa na kitambaa kinachogeuka utelezi kikilowa, na Nasopore inayoyeyuka yenyewe ndani ya siku kadhaa isihitaji kutolewa. Hatukuwa nazo, na dokta alisema wazi kwamba hatuna, hakumpa mtu hamu ya kitu kisichopo.

Halafu vitu viwili vya mwisho. Splinti za silikoni, vipande laini bapa viwili, kimoja kila upande wa ukuta, vinashonwa kwa uzi mmoja mbele ili visihame. Vile vya kwetu vilikuwa na kamrija pembeni kakupitishia hewa. Kazi yake ni kushikilia utando na kuzuia ukuta usigandane na nyama za pembeni wakati wa kupona. Na cha pili ni uzi. Uzi wa kuyeyuka namba 4-0, unapitishwa kulia kwenda kushoto, kushoto kwenda kulia, kutoka nyuma kuja mbele kwenye ukuta wote, kama fundi anavyotandika godoro. Nafasi ya kati inaisha, damu haina pa kukaa, na hakuna cha kuvuta kesho.

Mgonjwa aliishika splinti akaikunja, akaipeleka karibu na jicho. Akauliza swali moja tu, "hii ikitoka inatoka yote mara moja?" Akaambiwa ndio. Akashika uzi. Akasema mnishone.

Uamuzi kabla ya operesheni na sababu zake

Waliandika mpango hivi: mishono ya kutandika ukutani ndio njia kuu, splinti pande zote kama kutatokea mchaniko wa utando, paki hapana isipokuwa damu ikataa kusimama. Na kama ikabidi paki, basi upande mmoja tu, iwe ya kidole cha glavu, na itolewe ndani ya saa 24. Alielezwa yote, kwamba paki inaweza ikawepo akiamka. Naona watu wengi hapa wanaahidi. Unamwambia mgonjwa "hatutakupaki" ili asaini, kisha anaamka amepakiwa, na hapo umemaliza imani yake kwa hospitali yoyote ile.

Kwa sababu ya ile kauli ya mke kuhusu kukata pumzi, alichukuliwa kama mtu mwenye uwezekano wa tatizo la pumzi usingizini mpaka ithibitishwe vinginevyo. Maana yake: analala wodini usiku wa kwanza, kile kidude cha kidoleni cha kupima oksijeni kinakaa usiku kucha, kichwa cha kitanda kinainuliwa kama digrii 30, na dawa za maumivu za jamii ya afyuni zinaepukwa, tramadoli ikiwemo, kwa sababu zinapunguza msukumo wa kupumua na pia zinaleta kichefuchefu kwa mtu ambaye tayari amemeza damu.

Thieta

Ncha ya mfupa ilikuwa imeuvuta utando ukawa mwembamba kama ngozi ya kitunguu, na wakati wa kuubandua ukachanika upande wa kushoto. Hii hutokea sana kwenye ncha za namna hii. Upande wa kulia utando ulibaki mzima, na hilo ndilo la muhimu, kwa sababu mchaniko pande mbili sehemu zinazotazamana ndio unaoacha tundu la kudumu kwenye ukuta.

Mfupa ukaondolewa, gegedu likanyooshwa, mishono ikatandikwa, splinti zikawekwa pande zote mbili. Baada ya hapo chini kabisa upande wa kushoto pakawa panavuja damu kidogo kidogo, haikatiki. Walisubiri, wakaweka pamba yenye adrenalini ya kubana mishipa, wakaunguza kidogo pale panapovuja, bado. Dokta akaamua: kidole cha glavu kushoto, kifupi, pembeni ya splinti, uzi wake ubandikwe shavuni kwa plasta. Kulia paachwe wazi.

Gozi la ndani ya glavu lilihesabiwa likaandikwa kwenye karatasi ya operesheni: "paki 1, kushoto, uzi shavuni, itolewe kesho saa 2 asubuhi, isisubiri raundi." Hayo maneno ya mwisho ni dhahabu. Paki iliyosahaulika ndani ya pua ni ajali halisi inayotokea, na paki iliyobaki hadi saa sita mchana kwa sababu raundi ya madaktari imechelewa ni mateso ya bure yanayotokea zaidi.

Usiku wa kwanza

Mchana alikuwa vizuri, bado dawa ya ganzi iliyochomwa puani ilikuwa inafanya kazi. Jioni akanywa uji wa ulezi wa vuguvugu, mke alikuwa kauleta wa moto tukamwomba aupoze kwanza kwa sababu moto unafungua mishipa. Jicho la kushoto likaanza kutoa machozi. Akamwita mke wake kimya kimya, akamwambia "wameharibu jicho." Mke akaja kwetu na sura imebadilika. Tulipomweleza kwamba ni ule mfereji umebanwa na litakauka paki ikitoka, akatulia, ila ile saa nzima ya hofu walikuwa wameshaibeba wote wawili.

Saa nane usiku nesi wa shifti aliitwa na mgonjwa wa kitanda cha jirani. Alimkuta amekaa pembezoni mwa kitanda, jasho, mkono uko kwenye uzi wa shavuni. Oksijeni ilikuwa imeshuka hadi asilimia 87 alipokuwa amelala chali ameteleza kutoka kwenye mto, na kale kamrija ka splinti ya kulia, ambako ndiko kulikuwa njia yake pekee ya pua, kalikuwa kameziba kwa damu iliyoganda. Alisema kwa sauti ya puani, "Sista naomba nitoe hiki kitu, nakufa."

Nesi hakumwambia vumilia. Alimshika ule mkono, akasema "Kaka hufi, niko hapa, siondoki. Vuta kwa mdomo, taratibu, pamoja na mimi." Akamkalisha wima. Akadondosha matone ya maji ya chumvi kwenye mrija wa kulia, akasubiri dakika kadhaa, akanyonya kwa katheta, mrija mwembamba, likatoka donge na hewa ikapita, na huyu mtu alilia kabisa kwa nafuu. Oksijeni akampa kwa maski iliyolegezwa, maana ile mipira ya puani haina faida kwenye pua iliyojaa. Midomo ikalowanishwa kwa gozi la maji, mafuta ya mgando tukayaacha kwa kuwa oksijeni na mafuta ya namna ile si vitu vya kukaa pamoja. Ndani ya robo saa alikuwa kwenye 94.

Ndipo nesi akaangalia chati ya dawa. Parasetamoli ilikuwa imeandikwa "akihitaji". Ya mwisho alipewa saa mbili usiku na kabla ya hapo mchana, diklofenaki haikuandikwa kabisa. Alipoulizwa maumivu ni ngapi kwenye kumi, akasema nane. Tangu lini? Tangu saa nne. Mbona hukusema? "Niliona mko bize." Akapigiwa dokta wa zamu, parasetamoli ikawa ya mishipani na ya kila saa sita bila kuombwa, diklofenaki ikaongezwa baada ya kuhakikisha tumbo na figo havina historia mbaya. Alilala saa kumi kasoro hadi kulipokucha.

Kutoa paki

Saa moja na robo asubuhi alipewa dawa ya maumivu, ili saa mbili iwe imeshaingia. Tulimweka nusu kulala, si kukaa wima, kwa sababu ya historia ya kuzimia, na dripu ilikuwa imeachwa mkononi kwa makusudi. Dokta alidondosha maji ya chumvi na lignokeini (dawa ya ganzi) kidogo pembeni ya paki, kiasi kilichopigiwa hesabu na uzito wake, akasubiri dakika kumi na tano kwa saa ya ukutani. Hizo dakika watu wengi wanaziruka.

Akamwambia "Kaka, wewe ndio unasema lini. Ukiinua mkono naacha." Ikavutwa taratibu, kwa mstari wa sakafu ya pua kuelekea nje, si kwenda juu. Aliinua mkono mara moja katikati. Dokta aliacha kweli, akasubiri, mgonjwa akashusha mkono, ikaendelea. Ikatoka yote, ikahesabiwa kwenye risiva (kile chombo cha kupokelea), ikaandikwa kwenye faili kwamba imetoka. Matone machache ya damu, yakasimama yenyewe. Mapigo ya moyo hayakushuka. Maumivu alisema tatu. Akauliza "imeisha?" mara mbili, kama haamini.

Siku ya nne

Aliruhusiwa na splinti zake, akiwa na maelekezo ya asipenge kamasi, asiiname shambani, asibebe gunia, maana huku gunia lenyewe ni lumbesa, limejazwa kupita kiasi, apige chafya mdomo wazi, na aoshe pua kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi.

Siku ya nne akarudi na bodaboda, kitenge kimelowa damu mbele. Mama yake mzazi, akiona mwanawe anapumulia mdomo, alichuma majani ya mikaratusi akamfukiza chini ya blanketi. Kwa akili ya mzazi ni sawa kabisa, pua imeziba, mvuke unafungua, ndivyo alivyomkuza. Ila mvuke wa moto kwenye kidonda cha siku nne unatanua mishipa na kulainisha vigaga, damu lazima itoke.

Hapa kulikuwa na uamuzi mgumu. Daktari kijana aliyekuwa zamu alishaandaa gozi la utepe. Dokta mkubwa kwa simu akasema ngoja, kwanza mpime. Presha ya kawaida, mapigo kidogo juu, damu inatoka mbele upande wa kulia polepole, kooni haishuki. Alikalishwa ameinama mbele, akabana sehemu laini ya pua dakika kumi na tano bila kuachia kuchungulia, kikawekwa kipande cha pamba chenye oksimetazolini, dawa ya kubana mishipa, kwa muda mfupi. Ikasimama. Ukuta ukaguswa kwa kijiti cha pamba pande zote, hakuna uvimbe laini wa mvilio. Akaangaliwa saa kadhaa, akarudi nyumbani bila paki.

Mama yake hakufokewa. Alisalimiwa, akakalishwa kiti, akaelezwa kwamba mvuke ni mzuri kwa mafua lakini kidonda hiki kinataka ubaridi na maji ya chumvi mpaka wiki ziishe. Akasema "ndaga fijo (asante sana, kwa Kinyakyusa) mwanangu, mngeniambia mapema."

Matokeo

Siku ya saba splinti zilitolewa, zikalowanishwa kwanza, uzi ukakatwa, kila moja ikateleza mara moja kama alivyouliza kliniki. Ukuta umenyooka, mchaniko umeanza kujifunga. Wiki ya sita palikuwa na vigaga kidogo kushoto, hakuna tundu, hakuna mgandano. Mwezi wa tatu anapumua pande zote na matone ya dukani hajayagusa. Kukoroma kumepungua ila hakujaisha, na mke anasema kukata pumzi bado kupo mara moja moja. Hilo linaendelea kufuatiliwa peke yake, kwa sababu kunyoosha ukuta wa pua hakutibu kuzibwa pumzi kunakotokea kooni, na alielezwa hivyo tangu mwanzo.

Kilichofanya kazi

Kwangu kubwa kuliko yote ni ile meza. Mtu aliyekimbia mara mbili alisaini baada ya kushika vitu kwa mkono wake. Haikugharimu chochote zaidi ya dakika ishirini.

La pili ni kuamua aina ya paki, upande na saa ya kuitoa kabla ya mgonjwa kulala usingizi wa dawa. Damu ilipokataa, hakuna aliyeshika gozi lililo karibu, walichukua kilichokuwa kimeshakubaliwa. Paki ya upande mmoja kwa saa 21 ni tofauti kubwa na paki mbili kwa siku tatu, hata kama zote zinaandikwa "amepakiwa pua" kwenye ripoti.

Na kutokurudisha paki siku ya nne. Kutoka damu puani baada ya operesheni hakumaanishi paki moja kwa moja. Mvuje wa mbele, presha nzuri, mtu anaongea, bana kwanza. Kama ingekuwa inashuka kooni kwa wingi au presha inaanguka, hapo ningekuwa wa kwanza kuleta sinia la kupaki, starehe haitangulii uhai.

Kilichofeli

Dawa ya maumivu ya "akihitaji". Huku kwetu wanaume, na wazee wa jinsia zote, hawaombi. Watakwambia sijambo huku wamekunja shuka kwa vidole. Baada ya upasuaji wa pua maumivu ya saa 24 za kwanza yanajulikana yatakuja, kwa hiyo dawa iandikwe kwa saa na nesi aipeleke. Mipango yote ile ya glavu na splinti ilikaribia kuharibiwa na neno moja kwenye chati.

Mrija wa splinti haukuwa na mwenyewe. Kila mtu alijua upo, hakuna aliyeandika kwamba udondoshewe maji ya chumvi na kunyonywa kila baada ya saa chache. Mrija usiotunzwa unaziba usiku wa kwanza, hilo ni karibu uhakika, na ukiziba mgonjwa ana paki mbili bila wewe kujua. Kidude cha oksijeni nacho kilikuwepo kidoleni lakini sauti yake ilikuwa imezimwa ili wengine walale, aliyetuita ni jirani wa kitanda.

Maelezo yaliishia kwenye paki. Machozi, masikio kuziba wakati wa kumeza, damu nyeusi kwenye matapishi ya kwanza, hakuna aliyemtajia, na kila kimoja kilimtisha kivyake. Na maelekezo ya kwenda nyumbani alipewa yeye na mke, wakati anayeamua dawa za nyumbani pale kwao ni mama mzazi. Neno kufukiza halikutamkwa hata mara moja, ingawa kila mtu wodini anajua majani ya mikaratusi yanatumika vipi milimani. Swali "nyumbani nani atakuuguza, na huwa mnatumia nini pua ikiziba?" lingetosha, na jibu ukilipata muulizie na ugoro hapo hapo.

Kuhusu splinti zenyewe bado najiuliza. Zilikuwa sahihi kwa huyu kwa sababu utando ulichanika. Lakini nazo zinauma, zinaziba, zinanuka kufikia siku ya tano, na yeye alisema wiki ile ya splinti ilimchosha kuliko alivyotegemea. Kwa mgonjwa ambaye utando umebaki mzima pande zote na mishono imetandikwa vizuri, mimi naona aachwe bila splinti na bila paki, alale kichwa juu na maji yake ya chumvi, na wodi iwe na sinia la kupaki tayari kabatini na mtu anayejua kulitumia.